Illinois Haina Hela? Nimejibu, Msinirudishie Swali Lile Lile

Kila ukifika msimu wa bajeti kule Springfield, makao makuu ya jimbo la Illinois, simu yangu inajaa meseji, na robo tatu ni swali moja tu limebadilishwa nguo. Leo nimekaa na chai yangu nijibu kadhaa. Majina nimeyaficha kwa sababu mmeniandikia mambo ya mifukoni mwenu na sitaki ugomvi na waume na wake zenu. Kama la kwako hulioni, soma ya wenzio kwanza, mara nyingi limo humo humo.

Shikamoo kaka. Niko Moline, nafanya kazi kiwandani, kila Ijumaa nakatwa kodi ya jimbo. Halafu nasikia Illinois ina hali mbaya ya kifedha. Sasa hela zetu zinakwenda wapi?

Marahaba. Chukua cheki stabu yako, ile karatasi ya mshahara, shuka chini tafuta pale palipoandikwa IL. Kama wiki hiyo ulipata dola 900 utakuta wamechukua kama 44 hivi, maana kodi ya mapato ya jimbo ni asilimia 4.95, na mwenye 900 na mwenye milioni 9 wote wanakatwa kwa kiwango hicho hicho, katiba ya jimbo ndivyo inavyotaka. Novemba 2020 wananchi waliulizwa kwenye kura kama wanataka wenye nacho walipe asilimia kubwa zaidi, wakakataa. Gavana Pritzker alimwaga zaidi ya dola milioni 50 za mfukoni kwake kuitetea ile hoja, tajiri mwenzie Ken Griffin naye akamwaga zaidi ya milioni 50 kuipinga, Griffin akashinda, halafu mwaka 2022 akahamishia kampuni yake Miami. Sisi tumebaki na 4.95 yetu.

Sasa hizo 44 zako zikifika Springfield zinaingia mfuko mkuu. Mwaka wa fedha ulioanza Julai 1, 2025 mfuko huo umepangiwa matumizi ya dola bilioni 55 na ushee. Mtu akisikia bilioni 55 anaona lazima kuna jamaa kajaza gunia kakimbia. Hamna gunia. Kuna Medicaid, yaani matibabu ya wenye kipato kidogo, kuna shule, kuna magereza, vyuo, walemavu, watoto waliochukuliwa na jimbo, na kuna pensheni, na pensheni peke yake inameza karibu moja ya tano ya mfuko. Kwenye zile 44 zako hesabu kama 9 zimeshaondoka kabla hajanunuliwa mtoto wa shule hata chaki. Na sehemu kubwa ya hizo 9 ni kufidia miaka ambayo jimbo lilitakiwa kuweka hela likaweka nusu, au robo, au likaruka. Unalipa bili ya watu waliokuwa bungeni wewe ukiwa bado kambini Nyarugusu.

Hapo ndipo penye presha. Mengine yote mtakayosoma hapa chini yanazungukia hapo hapo.

Bro, bajeti ya Chicago ina tundu, kwa hiyo Illinois ndio inafilisika?

Chicago ina mkoba wake, Cook County mkoba wake, bodi ya shule za Chicago mkoba wake, jimbo mkoba wake. Hili nimelijibu mara ngapi?

Jimbo linaweza kufilisika kama Detroit?

Hapana. Detroit ni mji, iliomba kufilisika mwaka 2013 kwa sheria inayohusu miji na wilaya, jimbo haliruhusiwi kuingia mlango huo. Jimbo likizidiwa linahangaika nalo hivyo hivyo mbele za watu.

Mimi nina swali la moja kwa moja. Kwa nini wasipunguze pensheni za walimu? Wanalipwa hela nyingi, wanastaafu mapema, halafu sisi wa maghala ndio tunalipia.

Nilijua hili litakuja, na najua lilikotoka pia, kwenye redio ya asubuhi. Kaa chini tuongee vizuri.

Kwanza, haiwezekani, na sio kwamba hawajajaribu. Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 inasema mafao ya pensheni ni mkataba na hayawezi kupunguzwa. Mwaka 2013 bunge likapitisha sheria ya kuyapunguza, gavana Pat Quinn akasaini, Mei 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta yote, majaji wote wakiwa kitu kimoja. Kwa hiyo mtu akikuambia kwenye kampeni "nitazikata", muulize kama amesoma katiba au anataka kura yako tu.

Pili, hawa walimu unaowasema hawana Social Security, ile pensheni ya serikali kuu, ya kazi yao ya ualimu. Wewe ukifika uzeeni una ile ya serikali kuu, ndogo lakini ipo, na kama kampuni yako ina 401(k), ile akiba ya uzeeni ya kazini, una hiyo pia. Mwalimu wa Illinois hakatwi Social Security kwenye mshahara wa shule na hapati, pensheni ndiyo kila kitu. Ukimnyang'anya hiyo umemnyang'anya yote.

Tatu, na hapa ndipo damu inaponichemka, nani hakulipa? Nyie mnacheza mchezo, mnamjua kijumbe. Chukulia mko 10, kila mwezi dola 200. Tisa wanatoa bila kukosa. Wa kumi ni mwenyekiti, yeye anasema mwezi huu nina arusi, natoa 80, nitafidia mbele. Mwezi unaofuata natoa 60. Unaofuata sina kabisa. Mnamuachia kwa sababu ni mwenyekiti na ana maneno matamu. Miaka 30 baadaye zamu za watu zinafika, ndoo haina kitu, halafu mwenyekiti anasimama anasema jamani tatizo ni hawa wanaotaka kupokea. Mwalimu alikatwa asilimia 9 ya mshahara wake, kila mshahara, hakuruka hata mmoja maana hela inaondoka kabla hajaiona. Aliyekuwa anaruka ni mwajiri.

Na alikuwa anaruka kwa sheria. Mwaka 1994, gavana akiwa Jim Edgar, vyama vyote viwili vilikubaliana mpango wa miaka 50 wa kujaza mifuko mpaka ifike asilimia 90 mwaka 2045. Ukisikia "mpango wa miaka 50" ujue aliyeuandika hatakuwepo. Wakaupanga michango ianze midogo midogo, ipande taratibu kwa miaka 15, mzigo mzito ubaki huku mbele kwetu. Deni likawa linakua kwa makusudi kabisa. Halafu hata ile midogo ikawashinda. Mwaka 2003, enzi za gavana Rod Blagojevich, jimbo likakopa dola bilioni 10 kwa bondi za pensheni, yaani hati za mkopo, na sehemu ya mkopo huo ikatumika kulipia michango ya kawaida ya mwaka, yaani unakopa benki ili utoe mchango wa kikundi. Mwaka 2005 wakapitisha kupunguza michango kwa miaka miwili, waandishi wa huku wakaiita likizo ya pensheni. Likizo! Mwaka 2010 na 2011 wakakopa tena. Mwaka 2013 wasimamizi wa masoko ya mitaji wa serikali kuu wakalishtaki jimbo kwa kuwapotosha wanunuzi wa bondi kuhusu hali ya mifuko hiyo, jimbo likamaliza kesi bila kukiri wala kukana.

Leo upungufu ni dola bilioni 140 na kitu. Gawa kwa watu milioni 12.7 wa jimbo, ni kama dola 11,000 kwa kichwa, mtoto mchanga wa dada yako pale Rockford akiwemo. Mifuko haina hata nusu ya inachotakiwa kuwa nacho.

Ili nisiambiwe naegemea upande: ndiyo, ile nyongeza ya asilimia 3 kila mwaka juu ya nyongeza, wanayopata waliostaafu wa kundi la zamani, ni nzito. Asilimia 3 inayojirudia inageuza pensheni kuwa maradufu ndani ya miaka 24 hivi, na watu siku hizi wanaishi sana, Mungu awape zaidi. Hilo lilipitishwa bila mtu kujiuliza hela zitatoka wapi. Lakini aliyepitisha ni nani? Rudi kwa mwenyekiti.

Na onyo kwa vijana wetu wanaosomea ualimu, maana nawajua kadhaa. Ukiajiriwa sasa hivi unaingia kundi la pili, lile la walioanza kuanzia Januari 1, 2011. Unakatwa asilimia ile ile, unapata kidogo zaidi, na unapata baadaye zaidi. Kuna hoja nzito kabisa kwamba mafao ya kundi hili yanaweza kuangukia chini ya kiwango ambacho Social Security ingekupa, na yakiangukia hapo sheria za serikali kuu zitalilazimisha jimbo liongeze, na hilo litakuwa tundu jipya. Fungua akiba yako pembeni mwezi wa kwanza wa kazi. Usingoje.

Kwa nini jimbo lisichapishe hela kama Washington?

Ukiiona mashine ya kuchapa dola pale Springfield niite nije na begi.

Nimesoma kwamba katiba inakataza bajeti kuwa na nakisi. Sasa kama ni marufuku, madeni yametoka wapi? Hapa sielewi kabisa.

Swali zuri kuliko yote ya leo, na aliyeuliza ni binti wa miaka 19, wazee mjitafakari.

Ni kweli. Karibu majimbo yote ya Marekani yana sharti la bajeti kusawazika, Vermont ndiyo hutajwa kuwa haina. Katiba ya Illinois inasema matumizi yasizidi mapato yanayokadiriwa. Sikiliza hilo neno, yanayokadiriwa. Hapo tu pameshapita lori. Halafu mkopo unahesabiwa kama mapato. Halafu mchango wa pensheni ukiuruka hauonekani kama deni kwenye bajeti ya mwaka, unaonekana kama umebana matumizi, watu wanapiga makofi. Na ile njia kongwe kuliko zote, usilipe bili. Jimbo ni kama mteja wa duka la mtaani mwenye jina kubwa, anachukua unga, sukari, mafuta, anasema andika, mwisho wa mwezi anajisifu nyumbani kwamba matumizi yamepungua. Daftari liko kwa mwenye duka.

Mimi nilikuwa upande wa mwenye duka. Mwaka 2016 nilikuwa nahudumia wazee majumbani kwa kampuni moja ndogo, inalipwa na jimbo. Ijumaa ya kwanza bosi akaja na boksi la donati, akalifungua mezani, akasema jamani cheki zitachelewa siku tatu. Tukala donati. Ijumaa ya baadaye donati tena, zile zenye chokoleti, tukajua hali imekuwa mbaya zaidi. Yule mama sio mwizi, jimbo lilikuwa linamdai subira ya miezi na miezi, alishaweka nyumba yake rehani benki ili atulipe. Mwenzetu mmoja Mkongomani alikuwa anaingia mlangoni anaangalia meza kwanza, akiona boksi anageuka anapiga simu kwa mwenye nyumba wake.

Hicho kilikuwa kipindi cha Rauner na Madigan. Gavana Bruce Rauner, Mrepublikani, anataka mageuzi yake ya vyama vya wafanyakazi na mengineyo ndio asaini bajeti, Spika Michael Madigan, Mdemokrati, hataki hata kuyasikia, basi kuanzia Julai 1, 2015 mpaka Julai 6, 2017 jimbo tajiri lenye mamilioni ya watu likakaa bila bajeti kamili, miaka miwili, mpaka bunge lilipopindua veto ya gavana, yaani kukataa kwake kusaini. Na matumizi hayakusimama! Mahakama ziliamuru hiki kilipwe, kile kilipwe, wafanyakazi wa jimbo walipwe, kwa hiyo hela zilitoka bila mpango, na ambao hawakuwa na amri ya mahakama ndio wakaumia: vyuo, ruzuku za wanafunzi maskini, nyumba za wanawake waliokimbia vipigo. Shirika la huduma za jamii la Walutheri wa Illinois Januari 2016 lilifunga programu 30 na kupunguza kazi 750. Na juu ya hapo kodi ya mapato ilikuwa imetoka kushuka, maana ile ya asilimia 5 ya mwaka 2011 iliwekwa ya muda, Januari 2015 ikaporomoka mpaka 3.75 bila mtu kupanga pengo litazibwa na nini.

Bili ambazo hazijalipwa zikafika dola bilioni 16.7. Na sheria ya jimbo inasema bili ikichelewa kuna riba ya asilimia moja kwa mwezi, ni 12 kwa mwaka, mkopo wa benki ungekuwa rahisi zaidi. Riba peke yake ikavuka dola bilioni moja, hela ambayo haikununua kidonge wala kujaza shimo la barabara. Mwishowe mwaka 2017 wakauza bondi za bilioni 6 walipe bili, kodi ikapanda mpaka hiyo 4.95, na wapimaji wa mikopo walikuwa wameshalishusha jimbo mpaka ngazi moja tu juu ya takataka, yaani daraja la wakopaji wasioaminika, hakuna jimbo lililowahi kushushwa hivyo. Akiba ya dharura ilikuwa haifiki hata dola laki moja. Jimbo zima! Kuna watu wetu wa malori wana zaidi ya hiyo.

Kwa haki, tangu 2021 wamepandishwa madaraja mara kadhaa, bili zinalipwa kwa wakati, akiba imevuka dola bilioni 2. Donati za siku hizi ni donati tu. Lakini lile la pensheni liko pale pale.

Ni kweli sisi wahamiaji ndio tumemaliza hela za jimbo?

Hapana, na nitakupa namba ili ukiulizwa kazini usibaki kunung'unika.

Illinois ilianzisha bima ya matibabu kwa hela zake kwa watu wasiokuwa na makaratasi, kwanza wazee wa miaka 65 na kuendelea, kuanzia mwisho wa 2020, baadaye wa miaka 42 mpaka 64. Waliokadiria gharama walikosea vibaya sana, watu walijiandikisha wengi kuliko ilivyodhaniwa na walikuwa wagonjwa kuliko ilivyodhaniwa, maana walikaa miaka 20 bila kumuona daktari. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa jimbo ya mwaka 2025 ilisema programu zote mbili zilikula dola bilioni 1.6 toka zianze. Hizo ni hela nyingi sikatai, na uzembe wa makadirio sitautetea. Ile ya 42 mpaka 64 ikafungwa Julai 1, 2025.

Sasa weka bilioni 1.6 ya miaka kadhaa pembeni ya bilioni 140. Halafu niambie nani kamaliza hela.

Ila wakimbizi wenye hadhi, nyie wa Congo na Burundi mliokuja kwa ndege na begi la IOM, lile shirika la uhamiaji, nyie hamkuwa humo, mlikuwa na Medicaid ya kawaida. Na hapa nina neno ambalo hamkuniuliza. Sheria kubwa aliyosaini Rais Trump Julai 4, 2025 inawaondoa wakimbizi wasio na grini kadi kwenye stempu za chakula, na kuanzia Oktoba 1, 2026 kwenye Medicaid pia. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grini kadi baada ya mwaka mmoja. Nawajua watu wana miaka minne hapa hawajaomba, wanasema "tutafanya tu". Tafuteni mtu wa sheria anayeaminika, sio yule wa kibanda cha kutuma hela.

Nimetumiwa link ya ruzuku ya jimbo dola 6,400 kwa kila familia. Nijaze?

Matapeli hao. Futa.

Naishi Moline ila nafanya kazi Davenport, Iowa, ng'ambo ya mto. Kodi ya mapato nalipa jimbo gani?

Illinois. Kuna makubaliano na Iowa, unalipa unakolala. Mwambie mwajiri akupe fomu ya kumzuia asikukate ya Iowa, usipoijaza mwakani utakuja kunililia mimi.

Kaka habari. Si kuna bahati nasibu, kamari na sasa bangi imehalalishwa? Hizo hela si zinatosha kulipa shule na madeni yote?

Nzuri. Hapana hazitoshi, wala hazikaribii. Bangi ilihalalishwa Januari 1, 2020, inaingiza mamia ya milioni kwa mwaka, kwenye mfuko wa bilioni 55 hiyo ni chumvi tu ya kuonjea. Bahati nasibu inakwenda kweli kwenye shule, ila wakiweka dola ya bahati nasibu wanaweza kuondoa dola nyingine iliyokuwa ikienda shule, mwalimu mkuu anabaki vile vile, tangazo la TV linabaki zuri.

Na kama umesahau, mwaka 2015 kwa sababu ya ile bajeti iliyokwama, waliokuwa wameshinda zaidi ya dola 25,000 waliambiwa wasubiri. Baadaye hata wa zaidi ya dola 600 wakaambiwa wasubiri. Tiketi zilikuwa zinaendelea kuuzwa kama kawaida! Mwaka 2017 wenye Powerball na Mega Millions, zile bahati nasibu za majimbo mengi, wakatishia kuitoa Illinois kabisa. Mimi tiketi sinunui tangu wakati huo, na kabla ya hapo pia sikuwa nanunua, mke wangu anasoma hapa.

Nafikiria kuhamia Texas, hakuna kodi ya mapato. Kwa nini Illinois isifanye hivyo hivyo?

Hamia, baridi ya huku haina mkataba na mtu. Ila usidhani Texas inaishi kwa maombi. Wana mafuta na gesi, wana kodi ya mauzo, na ukinunua nyumba utakutana na kodi ya majengo, ndipo utanikumbuka. Alaska hawana kodi ya mapato wala ya mauzo ya jimbo, wao ni mafuta, bei ya pipa ikishuka bajeti inalazwa ICU.

Kansas walijaribu kwa mkupuo. Mwaka 2012 gavana Sam Brownback alikata kodi ya mapato na kuwasamehe kabisa wenye biashara za LLC, yaani kampuni ndogo za binafsi, na mfano wake, akasema uchumi utapaa kodi irudi yenyewe. Watu wakafanya nini? Mtu alikuwa mwajiriwa jana, leo kajiandikisha LLC, kazi ile ile, meza ile ile. Hela zikakauka, wakachota mfuko wa barabara, wakasogeza michango ya pensheni mbele (unaona? kila mtu akibanwa mkono unakwenda pensheni), na Juni 2017 bunge lililojaa watu wa chama chake mwenyewe likaifuta sheria hiyo juu ya veto yake.

California nao kinyume chake, wanategemea mno matajiri wachache, asilimia moja ya juu inaweza kubeba karibu nusu ya kodi ya mapato, soko la hisa likipiga chafya Sacramento, makao makuu yao, inalazwa. Julai 2009 walikuwa wanawalipa watu kwa karatasi za ahadi.

Illinois ugonjwa wake mwingine ambao wanasiasa hawataki kuugusa: pensheni na mapato yote ya uzeeni hayakatwi kodi ya jimbo. Mstaafu anayepata dola 150,000 kwa mwaka hatoi hata senti, wewe wa Moline unatoa 44 kwa wiki. Ningekuwa mimi ningeanzia pale, kwa wale wa juu tu, bibi zetu niwaache. Lakini wazee wanapiga kura, nyie hampigi.

Mbona hujasema ukweli kwamba magavana wa Illinois ni wezi?

Wanne walifungwa: Otto Kerner, Dan Walker, George Ryan na Rod Blagojevich, ingawa Walker alifungwa kwa mambo ya baada ya kutoka ofisini. Madigan naye alipatikana na hatia Februari 2025 akapewa miaka saba na nusu. Kwa hiyo wizi upo, simtetei mtu.

Ila mkibaki na wezi tu mnapitwa na jambo lenyewe. Bilioni 140 haikuibwa usiku. Ilipigiwa kura mchana, kipaza sauti kikiwa kimewashwa, na watu wanaoenda kanisani, na gazeti likaandika kesho yake ukurasa wa tano.

Washington wakikata hela, sisi inatuhusu nini?

Inakuhusu mpaka sahani. Medicaid ni hela ya ushirika, kwa watu wa kawaida serikali kuu inalipa kama nusu, kwa wale walioongezwa na sheria ya Obama inalipa asilimia 90. Illinois ina sheria yake kwamba hiyo 90 ikishuka, kundi hilo linaondolewa, na ni watu laki saba na zaidi. Stempu za chakula nazo, jimbo litaanza kubeba asilimia 75 ya gharama za uendeshaji badala ya 50, na kuanzia Oktoba 2027 majimbo yenye makosa mengi yatalipa sehemu ya chakula chenyewe mpaka asilimia 15. Makosa maana yake ni kumpa mtu zaidi au pungufu ya anachostahili. Illinois makosa yake yalikuwa juu ya asilimia 10. Kwa hiyo wewe unayesema "nitaripoti ovataimu mwezi ujao", au unaandika watu sita nyumbani na wawili walishahamia Iowa, ripoti sasa. Zamani ilikuwa barua ya kukudai tu, sasa hivi inaingia kwenye hesabu ya jimbo.

Shikamoo. Nina leseni ya kulea watoto nyumbani, wengi wazazi wao wanalipiwa na jimbo. Nikisoma unayoandika naogopa. Niwakatae?

Marahaba mama. Usiwakatae, wazazi wao ni hawa hawa wa shifti za usiku, wakikosa wewe wanakosa kazi. Lakini kumbuka Julai 2015, ile ile, gavana alibana msaada wa kulea watoto kiasi kwamba karibu kila familia mpya ikawa haifai, ikafika Novemba ndio wakalegeza, na akina mama wengi wenye dei kea za nyumbani walishafunga. Kwa hiyo pokea, ila usiwe na watoto wote wa mlipaji mmoja, hata wawili watatu wa kulipa taslimu watakusaidia. Weka pembeni mshahara wa miezi miwili wa yule binti anayekusaidia, kabla hujanunua viti vipya. Karatasi za mahudhurio wazazi wasaini siku ile ile, sio mwisho wa mwezi kwa kukumbuka kumbuka, na ile fomu ya malipo iondoke mikononi mwako siku ya kwanza inayoruhusiwa. Siku hela zikichelewa mwambie binti mapema, kwa mdomo. Donati nunua za watoto tu.